Mji katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiitalia

Riwaya ya upelelezi haikuzaliwa Italia. Mwaka 1929 kampuni ya Mondadori ya Milano ilianza kuchapisha mfululizo wa riwaya hizo, nyingi zikiwa tafsiri, zenye majalada ya manjano. Hadi leo Waitalia huziita kwa jina la rangi hiyo, yaani giallo. Walikuwapo waliodai kwamba fani hii ya kigeni haingeota mizizi katika nchi yao. Je, mgeni huyo aligeukaje mwenyeji?

Jibu limo katika mji. Augusto De Angelis, ambaye mpelelezi wake De Vincenzi alianza kusomwa mwaka 1935, aliyaweka mauaji katika mitaa ya Milano aliyoifahamu. Jambo hilo halikuwa dogo. Utawala wa Kifashisti ulijigamba kuwa umeleta utulivu, na riwaya inayoonyesha maiti katikati ya mji iliukanusha. Mwaka 1941 mfululizo wa Mondadori ulisimamishwa. Na mwaka 1944 De Angelis alifariki baada ya kupigwa na Mfashisti.

Carlo Emilio Gadda alikwenda mbali zaidi. Riwaya yake ya mwaka 1957, inayohusu mauaji katika barabara ya Merulana mjini Roma, imechanganya lahaja za Roma, Napoli na kwingineko, kama zinavyochanganyika midomoni mwa wakazi. Kitabu kinakwisha bila muuaji kutajwa. Msomaji aliyezoea fumbo kufumbuliwa hukasirika. Lakini akitafakari, huona kwamba fumbo lenyewe ni mji na watu wake.

Naye Giorgio Scerbanenco, katika riwaya nne zilizotoka kati ya 1966 na 1969, aliichora Milano iliyotajirika upesi, ambamo binadamu naye ameuzwa kama bidhaa. Dosari yake ni kwamba mara nyingine mhalifu wake huwa mwovu mtupu, na hivyo jamii iliyomlea husamehewa.

Basi mwanafunzi asitosheke kuuliza nani ameua. Aulize pia: je, kisa hiki kingeweza kuhamishiwa mji mwingine bila kupoteza kitu? Kama kingeweza, mwandishi ameazima fani tu. Kama hakiwezi, fani hiyo imekwisha kuwa mali ya taifa lake.