Kitabu cha "Ukimya" na swali la kijana wetu

Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja wa parokia alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alibatizwa tangu utoto, amepata kipaimara, anaimba katika kwaya. Akatuuliza: "Mwalimu, kama ningalizaliwa katika nyumba ya Waislamu, leo ningalikuwa Mwislamu, nami ningaliapa kama ninyi kwamba dini yangu ndiyo ya kweli. Basi nitajuaje kama ninaamini kweli, ama ninafuata tu desturi ya kwetu?" Tulikuwa tumechoka, tena swali lilitutia hofu. Tukamjibu kwamba hicho ni kishawishi, aende asali. Akaitika, akaenda zake. Juma lililofuata hakuja, wala juma la pili.

Siku zile tulikuwa tunasoma, katika tafsiri ya Kifaransa, kitabu cha Mkatoliki wa Japani, Shusaku Endo, kinachoitwa "Ukimya". Kilitoka katika mwaka 1966, na katika mwaka 2016 Martin Scorsese alikitolea filamu. Labda wengine kati yenu wameiona. Twataka kusema hapa kitabu hiki kina uzuri gani na upungufu gani, kwa maana swali lake ni ndugu ya swali la kijana wetu.

Kwanza habari yenyewe. Mtakatifu Fransisko Xavier aliingia Japani katika mwaka 1549, na baada yake watu wengi wakabatizwa. Katika mwaka 1614 watawala walikataza dini ya Kristu katika nchi yote, wakawafukuza mapadri na kuwatesa waumini. Katika mwaka 1633 Padri Cristóvão Ferreira, mkubwa wa Wayezuiti huko, alikana dini baada ya kuning'inizwa kichwa chini katika shimo. Mambo hayo yalitokea kweli. Endo anaongeza padri kijana, jina lake Rodrigues, anayevuka bahari kumtafuta Ferreira, mwalimu wake wa zamani, kwa maana hawezi kusadiki kwamba amekana. Wakulima maskini wanamficha. Baadaye anakamatwa, na mwishoni anaamriwa kukanyaga sanamu ya Bwana Yezu, si kwa kujiokoa mwenyewe, bali ili Wakristu wanaoteswa karibu naye waachiliwe. Muda huo wote anasali, na Mungu ni kama hasemi neno.

Uzuri wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi hajifanyi mtu asiye na mashaka. Endo alibatizwa akingali mtoto, akimfuata mama yake. Yeye mwenyewe aliifananisha dini yake na suti ya kizungu aliyovikwa na mama: haikumkaa sawa mwilini, lakini hakuweza kuivua. Sisi wa Kongo twaijua suti hiyo. Nani kati yetu hakuambiwa hata siku moja kwamba dini yetu ni ya wageni?

Uzuri wa pili ni mtu mmoja ambaye wasomaji wengi wanampita upesi: mkalimani wa hakimu. Mtu huyo anamtesa Rodrigues kwa maneno ya hila. Lakini tukisikiliza vizuri, twajua kwamba alibatizwa, hata alisoma katika seminari. Anamkumbuka mkubwa mmoja wa mapadri, Cabral, aliyedharau lugha ya Wajapani, chakula chao na desturi zao. Basi adui huyu wa Eklezia alitoka katika nyumba ya Eklezia yenyewe. Tulipofika hapo tulikifunga kitabu, tukawaza habari ya kijana wetu. Sisi hatukumdharau kwa sababu ya lugha wala chakula. Tulilidharau swali lake.

Sasa tuseme upungufu. Hakimu Inoue na Ferreira wanamwambia Rodrigues kwamba Japani ni kama kinamasi: mti wa Kristu ukipandwa hapo, mizizi inaoza. Mkalimani naye anamwambia kwamba mapadri hawakuijua dini ya Kibuddha, na kwa hiyo wanaicheka. Pengine asema kweli. Lakini ni nani katika kitabu hiki anayetuonyesha dini hiyo? Ni mkalimani, ni Inoue ambaye naye alibatizwa zamani, ni Ferreira aliyeshindwa na mateso. Wote watatu walikuwa Wakristu, na wote wanasema kwa faida ya serikali. Hatumsikii mama mmoja wa Kibuddha anayesali kwa ajili ya mtoto mgonjwa, wala mtawa wao anayefunga na kutafuta moyo safi. Basi msomaji anayetaka kujua kama kuna kweli katika dini ya wengine hapati jibu. Anapata mabishano ya gerezani tu. Dini ya watu haijulikani kwa kumsikiliza mtesaji wake, wala yetu haijulikani hivyo.

Mtaguso wa Vatikano wa pili ulikuwa umetangulia. Tarehe 28 Oktoba 1965, kabla ya kitabu hiki kutoka, ulifundisha kwamba Eklezia haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Haukusema kwamba dini zote ni sawasawa, wala haukuacha kumtangaza Kristu. Ulisema tu kwamba mwanga wa Mungu haukungoja meli ya wamisionari. Sisi twalijua jambo hilo kwa vinywa vyetu. Xavier alipofika Japani alimwita Mungu kwa jina Dainichi, halafu akatambua kwamba ni jina la Buddha mmoja, akaliacha, akatumia neno la kigeni, Deus. Huku kwetu wamisionari walikuta neno Mungu, walikuta Leza, wakayachukua katika sala. Mwislamu wa Maniema anayesali kwa Kiswahili anasema Mungu, nasi twasema Mungu. Neno hilo halikuvikwa kama suti, tumezaliwa nalo.

Na je, mti uliooza katika kinamasi? Hapa kitabu kinanyamaza mahali ambapo historia inasema kwa sauti. Tarehe 17 Machi 1865, huko Nagasaki, kikundi cha wakulima wa Urakami walimkaribia Padri Petitjean katika kanisa jipya, wakamwambia kwa siri kwamba wana imani moja naye, wakauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Kwa zaidi ya miaka mia mbili walikuwa bila padri. Wazee wao walibatiza watoto, walihesabu siku za sikukuu, walifundisha sala usiku. Tuseme wazi: wengine walichanganya mambo, na wengine hawakurudi katika Eklezia. Ferreira hakukosa katika yote. Lakini mti uliooza hauzai matunda baada ya miaka mia mbili.

Ndugu makatekista, wazee wale walikuwa watu wa kazi yetu. Tena wanamjibu kijana wetu. Yeye alisema: ningezaliwa kwingine, ningeamini jingine. Ni kweli, mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini neno hilo linampata kila mtu, hata yule asemaye kwamba hakuna dini ya kweli, kwa maana naye alizaliwa mahali fulani. Mahali pa kuzaliwa panaonyesha tulisikia wapi. Hapaonyeshi kama tulilosikia ni kweli au uwongo. Hilo hujulikana kwa kulichunguza, kulisali na kuliishi. Watu wa Urakami walizaliwa mahali ambapo kila sheria na kila hofu iliwavuta kwingine.

Juu ya mwisho wa kitabu, padri anapokanyaga sanamu, tunasema kwa ufupi. Sisi wenye Mwenye Heri Anuarite, aliyekubali kufa tarehe 1 Desemba 1964, hatuwezi kuita kukana kuwa ni ushindi. Lakini hatumrushii jiwe aliyesikia vilio vya wengine gizani, na Petro mwenyewe alikana.

Kitabu hiki kisomwe na nani? Si mtoto wa mafundisho ya kwanza. Kisomwe na walimu, waseminari, na wote wanaodhani kwamba shaka ni dhambi ya wengine.

Sisi tulikwenda nyumbani kwa yule kijana. Tukamwambia: "Swali lako lilikuwa jema, jibu letu ndilo lilikuwa baya." Tuliketi naye hata giza likaingia. Bado haji kila juma. Lakini anauliza tena, nasi tunajibu tunayoyajua, na tusiyoyajua tunakiri. Tumwombe Mungu, anayewajua walio wake kila mahali, asituache tumfukuze mtu kwa kuogopa swali lake.