Fundi wa Pedeli

Nyuma ya Forodhani, mjini Unguja, hewa ya bahari hula chuma, na vyerehani vya miguu haviponi. Pedeli ikiwa nzito, fundi hakimbilii kubadilisha kifaa. Anavua kwanza mkanda wa ngozi, anakanyaga. Ikilainika, kosa liko kichwani mwa cherehani. Ikibaki nzito, anajilaza sakafuni, anachomoa nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, anatia mafuta, kisha analegeza skrubu kidogo sana, maana ikizidi pedeli itagonga. Mkanda uliolegea anaupunguza na kuuunga upya.

Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, pedeli hizi hazikuhitaji waya. Lakini kwa kanzu ya Idi tunamlipa mshonaji. Aliyelala chini ya meza yake hatumuulizi hata jina.