Tawasifu ya askari si hati ya kiapo

Hivi majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza swali zito. Eti, tawasifu ina faida gani ilhali mwandishi huweza kusahau, au hata kutia chumvi? Nilimwambia akasome vitabu viwili vya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Farley Mowat, Mkanada aliyefariki mwaka 2014. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa afisa wa kikosi cha Hastings and Prince Edward. Mwaka 1955 alichapisha The Regiment, historia ya kikosi hicho. Miaka 24 baadaye akatoa And No Birds Sang, tawasifu yake kuhusu vita vivyo hivyo.

Katika kitabu cha kwanza, kikosi ndicho mhusika mkuu. Katika cha pili, nafsi ya kwanza inatawala, na hapo ndipo siri inapofichuka: afisa huyu aliogopa. Woga anauchora kama mdudu aliye hai, atafunaye mtu ndani kwa ndani.

Tazama pia muundo. Sehemu ya mafunzo, Kanada na Uingereza, imejaa vichekesho. Kijana mwembamba, aliyekataliwa na jeshi la anga, anacheza askari. Kisha Julai 1943 wanatua Sicily. Kicheko kinaanza kupungua, na kufikia mapigano ya Ortona mwezi Desemba, kimekauka. Msomaji haambiwi kwamba vita vimemvunja mtu. Anaona sauti ikibadilika.

Kasoro zipo. Mazungumzo marefu yamenukuliwa kana kwamba yalisemwa jana. Nani hukumbuka maneno ya mwenzake baada ya miaka 36? Hapa shaka ya mwanafunzi wangu ina mashiko. Walakini tawasifu si hati ya kiapo mahakamani. Tarehe tutazitafuta kwenye nyaraka. Woga je, tutautafuta wapi?

Nilipokisoma nilimkumbuka mjomba wangu, aliyepigana Burma katika jeshi la KAR. Tulipokuwa watoto alitusimulia mafunzo hadi tukavunjika mbavu: viatu vilivyombana, sajini aliyefoka, gwaride la alfajiri. Lakini hadithi ikifika Burma, alikuwa akiagiza chai. Tulidhani hadithi imeisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Waruhiu Itote, naye askari wa Burma, alituachia kitabu mwaka 1967. Wengi wa wenzake hawakuandika neno. Mowat mwenyewe, mwandishi kwa kazi, alihitaji zaidi ya miongo mitatu kuyatamka yale ya moyoni. Mjomba hakupata mtu wa kumngojea, na mimi mwenye kalamu ni mmoja wa walioondoka chai ilipoletwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu nimempa kazi nyingine. Kijijini kwao yupo mzee mmoja aliyewahi kuwa askari. Aende akamsikilize, na chai ikija, asiondoke.