Jumla ilitangulia, fomu zikabaki nyuma

Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 2015, siku moja baada ya Wazanzibari kupiga kura, Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya CUF, alitaja jumla mbele ya waandishi wa habari: yeye takriban asilimia 53, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM 47. Msomaji wa Tibirinzi, kule Pemba, hahitaji kusimuliwa siku ile. Nami nasema mapema: kutaja jumla kabla ya kuanika fomu za matokeo, kituo kwa kituo, ulikuwa uamuzi mbaya, na gharama yake tumeilipa sisi.

Mawakala wa chama waliokesha vituoni na kutoka na nakala zilizosainiwa walifanya kazi safi. Tatizo lilianzia pale karatasi zao zilipogeuzwa namba mbili tu.

Jumla ni dai. Anayeisikia hana pa kuishika: ama anamwamini anayesema, ama hamwamini. Fomu ya kituo ni jambo jingine kabisa. Ina jina la kituo, kura halali, kura zilizoharibika, na saini za watu wanaofahamika mtaani kwao. Anayetaka kubisha atataja kituo, nasi tutakwenda kukitazama pamoja. Jumatatu ile, mtu wa kawaida hakufunguliwa mlango wa kuzifikia fomu hizo moja moja kupitia simu yake.

Jumatano ya tarehe 28, Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, akaufuta uchaguzi wote. Miongoni mwa sababu alizotoa ni chama kujitangazia ushindi; hiyo tulimpa wenyewe. Nyingine ni kwamba katika baadhi ya vituo, hasa vya Pemba, kura zilizidi idadi ya waliosajiliwa. Hii ya pili ndiyo inayonikera hadi leo, kwa kuwa ni hesabu ya kutoa na kujumlisha. Dai kama hilo hulijibu kwa hotuba wala kwa maandamano. Unalijibu kwa fomu ya kituo chenyewe na daftari la wapigakura pembeni yake, mbele ya macho ya kila mtu, siku hiyohiyo. Ataniambia mtu kwamba Jecha angefuta tu. Huenda. Lakini wapigakura wa Pemba wasingebebeshwa tuhuma ya kujaza masanduku bila jibu la kituo kwa kituo.

Na zana zilikuwepo. ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ilikwishatumika Kenya na Uganda miaka kadhaa kabla ya uchaguzi ule. Inakaa kwenye simu ya Android ya bei ndogo, inajazwa pasipo mtandao, na inatuma mtandao ukirudi. Unaandaa maswali kwenye jedwali la kawaida, na kwenye safu ya masharti unaandika kwamba jumla ya kura isizidi waliosajiliwa. Wakala wa kituo chenye watu 350 akijaza 412, simu inamsimamisha palepale. Airudie karatasi yake kabla hajatoka kituoni. Swali la mwisho ni picha ya fomu. Yaani sharti moja kwenye jedwali lingeikagua hoja ya Jecha katika kila kituo kabla Jecha mwenyewe hajaisema.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wetu, nchini Indonesia, Ainun Najib na wenzake waliunda Kawal Pemilu, mradi wa kulinda hesabu za kura. Watu wa kujitolea wapatao 700 walinakili fomu za vituo zaidi ya 470,000, namba ikikaa jirani na picha yake. Vituo vyao vilikaribia idadi ya wapigakura wetu wote, ambao mwaka 2015 walikuwa kama nusu milioni. Na karibu zaidi na kwetu, Kenya, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, wakapokea ujumbe wa simu na kuuweka kwenye ramani, tukio moja moja na mahali pake, kisha msimbo wakaugawa bure. Wale walijua kazi. Sijaona chama chetu kikiwafikia.

Badala yake tumejikabidhi kwa WhatsApp. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: WhatsApp inaibana picha, inafuta taarifa za saa na mahali ilipopigwa, kisha inaizamisha chini ya salamu za asubuhi. Tarehe 27 Oktoba 2020 ikakwama, siku moja kabla ya kura. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti yenyewe ikazimwa nchi nzima. Anayepanga kazi ya uchaguzi wa 2030 kwa kutegemea kundi la WhatsApp hajaangalia nyuma.

Wala chumba kimoja chenye kompyuta si kinga. Tarehe 29 Oktoba 2015, Dar es Salaam, polisi waliingia kituo cha TACCEO, muungano wa asasi za kiraia wa uangalizi wa uchaguzi, wakakamata watu 36 na kuchukua vifaa. Nakala zikae kwenye simu nyingi, kila faili na alama yake ya utambuzi ya sha256, ili atakayebadilisha tarakimu moja aonekane.

Tusisingizie pia kwamba programu huria hazina Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ofisi zetu zikaendelea na programu za kunakili.

Maalim amelala Mtambwe tangu Februari 2021, na heshima yake kwangu haijapungua. Wanaosimama leo kwenye jukwaa la Tibirinzi kuomba kura waulizwe jambo moja: mawakala wenu wameanza lini mafunzo, na fomu tutazisoma wapi usiku uleule? Asiye na jibu hajajiandaa kuzilinda kura anazoziomba.