Kifungu Hakijali Unachokijua

Binamu yangu ni nesi. Miezi mitatu iliyopita alilipia mtihani wa GRE, dola 220, yaani zaidi ya shilingi 28,000, na nyingi zilikuwa za chama. Anataka kusomea uzamili wa afya ya umma Marekani, na vyuo viwili kati ya alivyovichagua bado vinadai alama za mtihani huu. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye jioni akitoka zamu na kumuuliza maneno. Mimi ndiye mtu wa lugha kwa familia. Mimi pia ndiye niliyeacha chuo mwaka wa tatu.

Ndiyo nikajikuta ninasoma sehemu ya lugha ya GRE jinsi ninavyosoma kitabu chochote cha kuhakiki. Na tuseme ukweli, ni kitabu kinachosomwa vibaya.

Karibu kila anayejiandaa huanza na orodha ya maneno. Nasi tulianza hapo: kadi za karatasi, maneno thelathini kwa siku. Ati “laconic” ni mtu wa maneno machache, na neno lenyewe limetoka Laconia, eneo la Sparta, ambako watu walijulikana kwa kutopiga domo. Hadithi tamu, na inasaidia kukumbuka. Lakini orodha peke yake ni mbinu ya mtihani ambao haupo tena. Mwaka wa 2011, ETS, shirika linaloutunga, liliondoa maswali ya vinyume na ya ulinganishaji wa maneno, yale ambayo mtu mwenye kichwa cha kukariri angeyamaliza mapema. Siku hizi kuna sentensi zenye mapengo, sentensi ambazo unazichagulia maneno mawili yanayoleta maana moja, na ufahamu. Maswali 27, dakika 41. Yote yanakuja na muktadha wake.

Hebu tazama sentensi hii, niliyoitunga mwenyewe kwa mtindo wao: Ingawa wahakiki waliusifu utenzi wake kwa ____, yeye mwenyewe aliuona umejaa maneno yasiyo na kazi. Pengo linataka “ufupi”, au kitu cha namna hiyo. Huhitaji kumjua mshairi. “Ingawa” imekuambia pande mbili zitapingana, na “maneno yasiyo na kazi” yamekuonyesha upande mmoja. Wewe tafuta wa pili.

Nikamwambia binamu, si hii ni ile ya Kiswahili shuleni? Eleza maana ya neno kama lilivyotumika katika taarifa. Ukileta maana nyingine, hata kama imo kwenye kamusi, mwalimu alikunyima alama, nasi tukadhani ni roho mbaya. Kuanzia siku hiyo akawa anafunika majibu kwa kiganja, anasoma sentensi, anaweka neno lake kwanza, kisha anatafuta la kufanana nalo. Alama zake za mazoezi zikapanda kutoka 148 hadi 154. Kiwango cha juu ni 170.

Hapa lazima niusifu mtihani. Sentensi zake zimejengwa kwa mkono mzito. Hakuna neno lililokaa bure. Mimi ninayelipwa kwa idadi ya maneno najua ni mara ngapi nimerefusha sentensi ili nipate pesa ya tokeni za stima, na kila kifungu cha GRE kilinitazama kama mhariri ambaye hajalala.

Tatizo langu lilianza kwenye ufahamu. Usiku mmoja tulipata zoezi kuhusu wodi moja iliyoleta sheria mpya ya kunawa mikono, na maambukizi yakapungua. Kifungu kilitaja pia, kwa nusu sentensi, kwamba wakati huohuo wodi ilikuwa imepunguza wagonjwa. Swali: tunaweza kukata kauli gani? Binamu akachagua kwamba kunawa mikono kulipunguza maambukizi. Nilichagua kwamba chanzo hakijulikani. Nikapata.

Alikasirika kweli. “Wewe umewahi kufanya kazi wodini?”

“Sijawahi. Ndiyo maana nimelipata.”

Hakucheka. Na alikuwa na haki, kwa sababu jibu lake ni la kweli duniani. Halikuwa la kweli kwa hicho kifungu. Mtihani unapima kama unaweza kuweka kando unachokijua, ukasikiliza tu kilichosemwa. Huo ni ujuzi, tena mkubwa. Nusu ya ugomvi wetu mtandaoni ni watu kujibu kitu ambacho hakikuandikwa.

Lakini kusoma hakuishii hapo. Mtihani una maswali yanayouliza ni hoja gani ingeudhoofisha msimamo wa mwandishi. Nilifurahi nilipoyaona, mpaka nikagundua kwamba hata pingamizi umeshaandikiwa. Kazi yako ni kuchagua moja kati ya tano. Nesi wa miaka saba hana mahali pa kusema, “Huyu mwandishi hajui wodi.” Msomaji mtiifu anapata alama. Msomaji mwenye swali lake mwenyewe anapoteza dakika.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayejiandaa ni huu: punguza kadi, ongeza sentensi, tii kifungu kwa dakika 41. Ukitoka hapo, urudishiwe kichwa chako chote.

Binamu anafanya mtihani mwezi ujao. Mimi sina digrii, kwa hivyo alama zangu hazingenipeleka popote. Ila juzi alipolala kwa uchovu kitabu kikiwa wazi, nilikichukua nikamaliza vifungu vitatu. Nilikosa kimoja. Bado nadhani mwandishi ndiye aliyekosea.