Kiko ni Tundu Kwanza: Neno Juu ya Viko Vinavyochongwa na Vijana Wetu

Katika maonyesho ya mwisho ya kazi za mikono hapa Mutshatsha, meza moja ilikusanya watu kuliko zote. Juu yake kulikuwa na viko vitatu vya tumbako. Cha kwanza kilichongwa katika malakiti, lile jiwe la kijani la Kolwezi, nacho kiling'aa kama kioo. Cha pili kilikuwa cha mti wa mulombwa, chenye sura ya Chibinda Ilunga, yule mwindaji wa Kiluba aliyeoa Lueji wa Walunda. Cha tatu kilikuwa kibuyu cheusi chenye mrija na kikombe kidogo cha udongo. Kijana mmoja alikitoa kwa nyanya yake, akakiweka pembeni kwa haya.

Watu walipiga makofi kwa viwili vya kwanza. Sisi pia tulipiga. Kisha mzee mmoja akachukua kile cha mulombwa, akakitia mdomoni, akavuta pumzi. Mashavu yake yakaingia ndani, basi. Akakirudisha mezani polepole: «Mutoto yangu, hii haina njia.» Mchongaji akajibu: «Tata, hii haiko ya kuvuta, iko ya kuangaria tu.»

Vijana hawa hawachongi kwa njaa. Wanachonga jioni na siku ya Yenga, kwa kupenda tu, na hilo ni jambo jema. Lakini jibu la yule kijana limebaki kichwani mwetu, na ndiyo sababu ya andiko hili.

1. Kiko cha wazee kilikuwa chombo

Tumbako si mmea wa kwetu. Ulitoka Amerika, ukafika pwani za Afrika kwa merikebu za Wareno, kisha ukaingia bara kwa mikono ya Waafrika wenyewe, zamani sana kabla mzungu hajafika Lualaba. Waluba, Walunda na Wachokwe waliupokea, wakautengenezea vyombo vyao. Kiko cha maji Wachokwe wanakiita mutopa, na wanaume kwa wanawake walikivuta.

Tazama akili iliyomo. Kibuyu kinabeba maji. Mrija unashuka kutoka kikombe cha moto mpaka chini ya uso wa maji. Mdomo wa mvutaji unakaa kwenye tundu lingine, juu ya maji. Mtu akivuta, hewa ya ndani inapungua, moshi unalazimika kushuka, unapita katika maji, unapanda umepoa. Mahali mrija unapoingia kibuyu pakibaki nafasi hata ya kupitisha sindano, hewa ya nje itapita hapo, na moshi utabaki juu. Ndiyo maana wazee waliziba viungo vyote kwa nta au utomvu. Mapambo yalikuja baada ya hayo, na pengine hayakuja kabisa.

Tena kiko hakikuwa cha mtu mmoja. Kule Kasai, kwa Waluluwa, mfalme Kalamba Mukenge, ambaye Mjerumani Wissmann alimkuta mwaka wa 1881, aliongoza watu walioitwa Bena Diamba. Wao walivuta bangi pamoja, na kuvuta pamoja kulikuwa alama ya udugu wao. Hatuwasifu kwa bangi yao. Tunasema tu kwamba kiko kinachozunguka watu kumi kisipovuta, ni aibu ya mwenye nyumba.

Kile kibuyu cha pembeni kilikuwa cha ukoo huo. Kijana alituambia kwamba kilipita vita vya 1977, wakati Mutshatsha ilipotekwa, kikiwa kimefungwa katika kitenge. Kikombe chake kina ufa uliozibwa kwa nta. Hakina sura ya mtu wala ya mnyama. Yule mzee aliomba maji, akatia kidogo, akavuta bila moto wala tumbako. Kikalia gulu-gulu-gulu, na watoto wote wakacheka kwa furaha. Ni kiko kimoja tu kilichosema siku ile.

2. Picha haionyeshi tundu

Kwa nini basi mchongaji hodari anasahau njia ya moshi? Kwa maoni yetu, sababu ni mahali alipojifunza. Hakujifunza magotini pa mzee anayevuta. Alijifunza katika picha.

Viko vingi vizuri vya mababu viko leo katika majumba ya makumbusho, kule Tervuren, kule Dundo na penginepo. Mtaalamu wa Ubelgiji, Marie-Louise Bastin, aliandika kitabu kikubwa juu ya mapambo ya Wachokwe, kilichotolewa mwaka wa 1961 na Diamang, kampuni ya almasi ya Angola. Ni kazi ya heshima, na bila watu kama yeye tungekuwa tumepoteza majina ya michoro mingi. Lakini picha ya kitabu inaonyesha kiko kwa nje, na kioo cha makumbusho kinakataza kukitia mdomoni. Anayeiga picha ataiga anachokiona: kofia, macho, alama za mashavuni. Tundu halionekani, basi haliigwi.

Tuseme haki: Chibinda wa maonyesho amechongwa vizuri. Kofia yake inasimama sawa pande zote mbili, na macho yaliyofumbwa nusu yana utulivu wa kazi za zamani. Kama kingeitwa sanamu, tungenyamaza. Kimeitwa kiko, na kwa jina hilo tunakihukumu.

3. Jiwe jeupe na jiwe la kijani

Wengine watasema: uzuri na kuvuta haviendi pamoja. Si kweli. Kule Eskişehir, nchi ya Uturuki, wanachimba jiwe jeupe ambalo Wajerumani waliliita meerschaum, maana yake povu la bahari. Wataalamu wanaliita sepioliti. Likiwa na unyevu linachongeka kwa kisu karibu kama sabuni. Likikauka ni jepesi hata linaweza kuelea juu ya maji. Lina matundu madogo sana yanayonyonya unyevu wa tumbako, nalo linavumilia moto. Wachongaji wa huko wanatoa vichwa vya masultani wenye vilemba na ndevu, kila unywele mahali pake. Ulaya na Marekani wapo watu wanaonunua kipande cha jiwe hilo na kukichonga nyumbani, kwa kupenda tu kama vijana wetu.

Lakini sultani huyo anavuta. Njia ya moshi inafika chini kabisa ya kikombe, kwa sababu ikitokea juu zaidi, tumbako ya chini inabaki na maji na haiungui. Kisha kiko kinatiwa nta ya nyuki. Mvutaji anapokitumia miaka mingi, kinabadilika rangi, kutoka weupe kwenda manjano, mpaka rangi ya asali na kahawia. Wenye kuvijua wanangoja rangi hiyo kwa uvumilivu. Yaani matumizi yenyewe yanamaliza kazi ya mchongaji. Kibuyu cha nyanya nacho kilipata weusi wake hivyo hivyo, kwa mikono na moshi.

Jiwe hilo lilipatikana pia karibu nasi, Sinya, kaskazini mwa Tanzania, upande wa Amboseli. Kule Arusha vilitengenezwa viko vyake vilivyouzwa nchi za nje kwa jina la Kiswahili kabisa: Kiko.

Sasa turudi kwa malakiti yetu. Tunaelewa kiburi cha mchongaji: rangi ya kijani ndiyo rangi ya shaba, na shaba ndiyo sura ya nchi hii. Alipanga mistari ya jiwe izunguke kikombe kama duara za maji, na hilo si jambo rahisi. Lakini alichagua jiwe kwa rangi, hakuuliza litafanya kazi gani. Sentimeta moja ya ujazo ya malakiti ina uzito wa karibu gramu 4. Meno gani yatabeba kiko hicho? Halinyonyi unyevu. Tena, katika kalasi ya kemia tunapasha moto unga wa kijani wa kabonati ya shaba, na wanafunzi wanaona unageuka mweusi. Malakiti ni ya jamii hiyo hiyo. Kaa la tumbako litaharibu kikombe toka ndani. Na vumbi lake si la kuvuta: anayelisugua alisugue kwa maji, na kitambaa mdomoni. Kwa sahani ya majivu au sanduku dogo, malakiti ni mfalme. Kwa kiko, hapana.

4. Kosa letu sisi walimu

Tusimlaumu kijana peke yake. Miaka ya nyuma, katika somo la kazi za mikono, tuliwaomba wanafunzi walete kitu cha mababu. Mmoja alileta kiko cha udongo na tete, bila pambo lolote, nacho kilivuta. Tulimpa 8 kwa 20, tukaandika: «Hakina uzuri.» Mwingine alileta kiko cha mti chenye chui mgongoni, na tundu lenye urefu wa ukucha. Tulimpa 17. Yule wa 8 hakutuletea tena kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Yule wa 17 ndiye aliyechonga Chibinda. Alifanya tulivyomfundisha.

Kuna neno moja la mwisho lisilokwepeka. Shirika la Afya Duniani linasema tumbako inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na maji ya kibuyu yanapoza moshi tu, hayaondoi sumu. Basi kwa nini kufundisha watoto viko? Hatuwafundishi kuvuta. Kiko kinaweza kupimwa kwa pumzi na maji, kama mzee alivyofanya, bila jani hata moja. Mtoto atajifunza hewa, moto, maji na subira, na atajua kwamba babu yake alikuwa fundi mwenye kufikiri.

Tunaomba chama chetu kwamba katika maonyesho yajayo waamuzi wavute pumzi kwanza, ndipo watazame sura. Tulimwambia hivyo yule mchongaji wa Chibinda pia, tukakubali mbele yake kosa la ile 17. Akatuuliza kama anaweza kutoboa sasa kwa waya wa gurudumu la kinga uliochomwa motoni. Tulitazama pamoja: shingo imekwisha kuwa nyembamba, itapasuka. Akasema ataanza na gogo jingine, na safari hii atatoboa kabla ya kuchonga.