Farasi 691 Ambao Betri Haikuweza Kuwalisha

Kosa la Tesla Model S P85D halikuwa kwenye mota. Mota zilikuwa nzuri, inveta nzuri, na namna ekseli mbili zilivyogawana msukumo bila tairi kuteleza ilikuwa kazi ya mafundi wanaojua wanachofanya. Kosa lilikuwa kwenye kujumlisha. Gari lilipozinduliwa Hawthorne, California, Oktoba 2014, Tesla walichukua nguvu farasi 221 za mota ya mbele, wakaongeza 470 za mota ya nyuma, wakapata 691. Tarakimu hiyo ikaingia kwenye matangazo ya mauzo. Haikupaswa kuingia.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Farasi 221 ni uwezo wa mota ya mbele ikiwa peke yake, ikipewa umeme wote inaouhitaji. 470 ni vivyo hivyo kwa ya nyuma. Lakini ndani ya gari zote mbili zinanyonya betri moja, na mkondo wa betri ile, kupitia fyuzi kuu na kontakta zake, ulikuwa na kikomo cha ampea 1,300. Volti nazo hazitulii: ukikandamiza pedeli mpaka chini, zinashuka papo hapo, na wati ni volti mara ampea. Kwa hiyo mota zile hazikupata kamwe, hata kwa sekunde moja, umeme wa kutoa farasi 691 kwa pamoja. Tesla wenyewe baadaye waliandika 463. Pengo ni farasi 228, yaani kubwa kuliko mota nzima ya mbele.

Wenye magari walilihisi barabarani. Ukiondoka kwenye taa, gari linakubana kwenye kiti barabara. Ukishafika mwendo wa barabara kuu, mbano unalegea mapema kuliko unavyotarajia kwa tarakimu ile. Fizikia ya sekondari inaeleza kwa nini. Nguvu ni tungamo mara mchapuko mara mwendokasi. Chukua gari la kilo 2,300 pamoja na dereva, likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde. Ili litumie farasi 691, sawa na kilowati 515, lazima mwendo wake uongezeke kwa karibu mita 8 kwa sekunde, kila sekunde, hata ukitoa kidogo kinacholiwa na upepo. Huo ni karibu mchapuko ule ule wa wastani wa kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 3.2, muda waliokuwa wakijivunia. Kama 691 ingekuwa kweli, karibu usingehisi mbano ukilegea kwenye kilomita 100. Kwa farasi 463, sawa na kilowati 345, unapata mita 5 na ushee, na hapo mbano lazima ulegee. Mwenye simu yenye kipima mchapuko angeweza kuupima ukweli huu kwenye barabara iliyonyooka, bila dainamomita.

Wapenzi wa Safari Rally hawahitaji kuelezwa sana. Tangu 1995 FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ilibana njia ya hewa ya tabo kwa kizuizi cha milimita 34, na magari ya daraja la juu yakabaki na farasi 300 hivi. Colin McRae aliposhinda Safari ya 1997 na Impreza, nguvu iliyohesabika ni iliyopita kwenye kizuizi kile, si ile ambayo injini ingetoa ikiachwa wazi. Betri ndiyo kizuizi cha gari la umeme.

Na watengeneza magari wa Japani wa zama zile, nimewasifu mara nyingi na nitaendelea kuwasifu. Kuanzia 1989 hadi 2004 walikubaliana wasiandike zaidi ya farasi 280 kwa magari ya soko lao. Skyline GT-R ya R32 iliandikwa 280, ikipandishwa kwenye dainamomita inatoa zaidi. Tarakimu ile nayo haikuwa sahihi, nakubali, lakini mnunuzi hakupunjwa. Waliopunja walikuwa Wamarekani, ambao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipima injini ikiwa benchini, imevuliwa vifaa vinavyoila nguvu, kisha wakaiuza ikiwa imevishwa vyote. P85D ilirudia dhambi ile ile.

Septemba 2015 JB Straubel, mkuu wa teknolojia wa Tesla, aliitetea 691: nguvu ya betri hubadilika kwa chaji na joto, ya shafti ya mota haiyumbi, na kanuni ya R85 ya Ulaya inapima mota. Yote kweli, na hakuna hata moja linalohalalisha kujumlisha. Kama tarakimu inabadilika, andika ile ya juu kabisa ambayo gari zima linaifikia betri ikiwa imejaa. Tena miezi miwili kabla yake kampuni ilikuwa imetangaza fyuzi mpya na kontakta za aloi ya Inconel za kupitisha ampea 1,500, kazi safi sana. Ukibadilisha fyuzi gari likaongezeka nguvu, umeshakiri kwamba kikomo hakikuwa kwenye mota. Mwaka 2016 baraza la migogoro ya wanunuzi la Norway liliamua wenye P85D waliolalamika walipwe krona 50,000 kila mmoja, na mwisho wa mwaka huo pande mbili zikaelewana.

Tangu 2020 Umoja wa Mataifa una kanuni ya kiufundi ya kimataifa (GTR) namba 21 ya kupima mfumo mzima wa gari lenye mota zaidi ya moja, na ni kanuni nzuri. Hata hivyo kilele cha sekunde chache bado ndicho kinachopambwa kwenye matangazo. Nataka kila karatasi ya mauzo iandike nguvu tatu: ya sekunde 10 betri ikiwa imejaa, ya sekunde 10 betri ikiwa robo, na ya dakika 30 mfululizo, ambayo R85 tayari inataka ipimwe.